Nyumba Isiyodaiwa

*Maneno ya wanachama tunaoishi na maradhi ya kudumu, yaliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi*



Kamati ya sherehe ilipotuomba tutoe neno, tulikaa chini ya mwembe tukabaki kutazamana. Tuko 7. Wawili tuna kisukari, wawili tuna presha, wawili tunatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Wa saba haumwi mwenyewe, ila analea binti mwenye sikoseli, na anayeijua kazi ya kulea mtoto wa sikoseli hawezi kumwambia mama yule kwamba yeye ni mzima. Tukajiuliza, tuseme nini mbele ya watu wazima? Kushukuru ni jambo la dakika moja. Tukaamua tuseme juu ya nyumba, kwa sababu kati yetu 7, watano leo tunalala ndani ya nyumba zetu na hakuna mtu anayetudai kwa ajili ya nyumba hizo, si benki, si mkopeshaji wa mtaani, wala si kikundi hiki. Wawili bado wanajenga. Tulikuwa 8, na huyo wa nane tutafika kwake.

Kwanza tuwaambieni nyumba ya kupanga ilivyo kwa mgonjwa. Wenye afya mnaijua kwa kodi tu. Sisi tunaijua kwa choo.

Mtu mwenye kisukari ambacho hakijatulia huamka usiku kwenda haja ndogo mara nne, mara tano. Sasa uwe umepanga chumba kimoja kwenye nyumba ya vyumba vinane, choo kiko nje, kimoja, na mlango wa uani unafungwa na mwenye nyumba saa nne usiku. Utagonga? Utamwamsha nani? Mwenzetu mmoja alikuwa anaweka ndoo chumbani, anaitoa alfajiri kabla watu hawajaamka, na siku akichelewa anasikia maneno yanapita ukutani. Baadaye mama mwenye nyumba akaanza kulalamikia maji: "Wewe peke yako unamaliza pipa." Aliyekuwa na binti wa sikoseli naye aliambiwa hivyo hivyo, kwa kuwa mtoto yule ni lazima anywe maji mengi, apigwe baridi kidogo iwezekanavyo, na usiku maumivu yakimshika analia, nyumba nzima inaamka. Anayekunywa dawa za kufubaza alizificha kwenye kopo la unga. Dawa hizo zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, lakini mtu anayezificha kwenye unga siku nyingine hazinywi, kwa sababu wageni wamekaa chumbani hadi saa imepita.

Halafu ndiyo ije kodi. Wengi wetu tumedaiwa ya miezi sita mbele, na wengine ya mwaka. Sisi kazi zetu mnazijua. Dagaa pale Mwaloni Kirumba, mama lishe, mitumba, mbogamboga. Ukilala wiki mbili wodini, dagaa hawakusubiri, na mteja wako wa chai amekwishapata kwa kunywea. Mshahara hakuna na likizo ya ugonjwa hakuna. Ndiyo maana tunasema kwamba kwa mgonjwa nyumba yake mwenyewe si utajiri, ni sehemu ya matibabu, kama vile dawa na chakula anachoambiwa na daktari ale.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo baadhi yenu mlituomba tusiliseme. Tutalisema kwa upole.

Katika mwaka wa pili wa kikundi tulileta ombi kikaoni. Tulitaka tukopeshwe mkopo mkubwa wa kujenga, mara tatu ya hisa zetu kama katiba ilivyoruhusu. Mjadala ulikuwa mrefu. Mwishoni mwenzetu mmoja akasimama akauliza, "Mkifa, nani atalipa?" Ukumbi ukanyamaza. Katibu aliandika swali lile kwenye muhtasari, liko hadi leo. Ombi likakataliwa. Tulisusa vikao viwili. Tulisema kwamba kumbe hisa zetu zina thamani kuliko sisi wenyewe. Maneno yale yaliuma, hatuoni sababu ya kuyapamba leo kwa kuwa ni sikukuu. Aliyeyasema yumo humu ukumbini, na asubuhi hii ndiye aliyetusaidia kuvaa vitenge hivi.

Mmoja wetu hakuvumilia. Akaenda kwa wakopeshaji wa mtaani, hawa ambao watu wameibatiza mikopo yao kausha damu. Alipata fedha siku hiyo hiyo bila maswali mengi, rejesho kila wiki, dhamana ni vitu vya ndani. Alinunua kiwanja, akachimba msingi. Wiki ya tisa sukari ikapanda, akalazwa siku 11. Aliporudi nyumbani alikuta watoto wamekaa kwenye mkeka. Godoro limekwenda, runinga imekwenda, na meza aliyoachiwa na mama yake imekwenda. Deni likabaki, kwa sababu vile vitu vilihesabiwa kuwa ni adhabu ya kuchelewa. Kiwanja akakiuza kwa bei ya kutupa ili alipe. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayotaka mkopeshaji awe na leseni. Lakini mtu anayetoka wodini na dripu mkononi haanzi kuuliza leseni.

Tulipokwenda kumpa pole ndipo tukaliangalia swali la mwenzetu kwa jicho lingine. Yeye aliuliza nani atalipa tukifa, nasi tukakasirika kwa sababu hatukuwa tunakufa. Swali lenyewe hasa lilikuwa, nani atalipa tukilazwa? Maana kulazwa kwetu si bahati mbaya, ni jambo linalokuja. Hatujui tarehe tu. Rejesho linataka mtu ambaye miezi yake inafanana, na miezi yetu haifanani. Hata mkopo usio na riba, kama ile ya halmashauri ambayo wanawake wametengewa asilimia 4 ya mapato ya ndani, bado una tarehe. Isitoshe ile ni ya biashara, haikuwekwa kwa ajili ya kupaua nyumba.

Basi tukarudi kikaoni, safari hii bila kuomba mkopo. Tuliomba kitu kimoja: mgao wetu wa Desemba usitolewe taslimu. Taslimu mikononi mwa mgonjwa haikai. Anakuja shemeji ana msiba, mtoto anataka sare, na wewe mwenyewe unataka kupima kipimo ambacho umekiahirisha mwaka mzima. Tukasema, watu wawili wa kamati waende dukani pamoja na mwenye fedha, wanunue mabati au nondo, risiti iandikwe jina la mwanachama mwenyewe, na mali ihifadhiwe kwa mwenzetu mwenye stoo. Kikundi kikakubali. Aliyeuliza lile swali ndiye aliyetoa stoo yake, na miaka yote hii hakudai hata shilingi ya kuhifadhi.

Tulikosea pia, tusijifanye mafundi. Mwaka wa kwanza tulinunua saruji, tukaipanga chini sakafuni. Masika yalipofika ikawa mawe. Mifuko 9. Mawe Mwanza yanatutosha, hatukuwa na haja ya kununua mengine! Tangu hapo tunanunua mabati, nondo, misumari na bawaba, vitu visivyooza. Saruji tunainunua asubuhi ambayo fundi amekwishafika na ndoo zake.

Kuhusu mahali pa kujenga, hapa tunaomba msikilize vizuri hata ninyi wenye afya, maana uzee nao unakuja. Sisi wote tulitamani mlimani. Viwanja vya juu kwenye miamba, Mabatini, Igogo, Isamilo kule nyuma, vilikuwa karibu na mjini, na wengi wetu ndiko tulikopanga. Upepo mzuri, ziwa lote unaliona. Lakini pandisha lori la mchanga kule! Halipandi. Mchanga unapanda kwa ndoo, kichwani, na kila ndoo ina bei yake, mpaka kupandisha kunashinda bei ya mchanga wenyewe. Hayo ni ya ujenzi. Yanayofuata ni ya ugonjwa. Mwenye presha apande ngazi za mawe kila siku na ndoo ya maji? Mtu akizidiwa usiku anateremshwa mgongoni au kwenye kiti cha mbao, vijana wanne wanashikana, kunateleza. Tulimteremsha mwenzetu hivyo mara mbili. Mara ya pili tukakubaliana kwamba kiwanja cha mgonjwa kinapimwa kwa swali moja: bajaji inafika mlangoni?

Kwa hiyo tukaenda pembeni ya mji, kwenye tambarare, wengine Buhongwa, wengine Buswelu, mmoja Kisesa. Ni kweli nauli ya kwenda kliniki Bugando au Sekou Toure imeongezeka, tena ukiwa na miadi ya asubuhi unatoka nyumbani giza halijaisha. Hilo hatulifichi. Ila nauli unailipa siku ya kliniki, ngazi ungezilipa kila siku.

Mmoja wetu nusura anunue kiwanja cha bei rahisi sana kando ya ziwa. Dalali alimwambia eneo lina upepo na samaki wako jikoni. Mtoto wa dada yake aliyesoma akamzuia, akamweleza kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tulidhani kijana anajisikia. Mei 2020 maji ya ziwa yakapanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na mwaka 2024 yakapanda tena. Kile kiwanja tulikwenda kukitazama. Bata walikuwa wanaogelea palipokuwa pawe sebule.

Ujenzi wenyewe tulianza na choo. Mafundi walitucheka. Desturi ni kuinua boma kubwa la vyumba vinne, mtu aone, halafu likae miaka sita linaota majani. Sisi tukasema chumba kimoja na choo kilichoungana nacho, mlango wa ndani kwa ndani, basi. Msingi wa mawe, kwa kuwa mawe ndiyo mali yetu, na kokoto tuliponda wenyewe, wale wenye nguvu wakiwapondea wasio na nguvu. Kuta za tofali za kuchoma. Kenchi zikatengenezwa kwa upana ambao zingeruhusu kuongeza chumba cha pili mbele ya safari. Mtu anahamia kabla ya lipu, kabla ya dari, madirisha yamezibwa kwa mabati chakavu. Kodi inakoma siku hiyo, na ile fedha ya kodi ndiyo inayojenga chumba cha pili. Wa haraka alichukua miaka minne. Wa polepole alichukua saba.

Kazi za mikono zilifanywa na ninyi. Wazee wetu wa Kisukuma walilimiana mashamba kwa zamu, na ngoma juu. Ninyi mlitujengea kwa zamu, na redio ya simu juu. Jumamosi moja mlikuja 19, mkasogeza tofali elfu moja kabla ya saa sita, na hamkukubali hata uji hadi mwenye nyumba alipoapa kwamba ataumia moyo. Fundi na saruji tulilipa. Jasho lenu hatukulilipa, na hilo tukubali tu kuwa ni deni, maana hata kichwa cha habari chetu kina uongo kidogo. Na tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, na pango la ardhi nalo lina mwaka wake. Kwa hiyo serikali inatudai kidogo kidogo. Serikali haichukui godoro.

Ndani ya nyumba zetu sasa mkija mtaona vitu visivyo na maana kwa mpita njia. Dawa ziko juu ya kabati, mahali pa wazi. Kwa mwenye insulini kuna chungu cha udongo kimekaa ndani ya mchanga uliolowanishwa, na chupa yake imo humo kwenye mfuko, inakaa baridi bila friji. Kwenye nyumba ya kupanga mtoto wa jirani aliwahi kukimwaga akidhani ni maji ya kunawia. Binti wa sikoseli ana pipa lake la maji ya mvua kutoka kwenye bati letu wenyewe, na hakuna anayehesabu vikombe. Wenye watoto wadogo humu ndani, wapimeni. Utafiti wa sampuli za damu za watoto wachanga wa mikoa ya kanda hii uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba cha ugonjwa huo, ambao wataalamu wanauita selimundu. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa na wasijue.

Jambo la karatasi tutalipitisha upesi, wanasheria wapo. Kila risiti na kila hati ya mauziano iwe na jina lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwenye ndoa ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mume asikwambie "nimeshasaini." Na anayeambiwa na ukoo kwamba mwanamke hana sauti juu ya ardhi, mwambieni habari ya Holaria Pastory. Mama huyu wa Muleba alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, mwaka 1988 aliliuza. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akamshitaki kwamba mila ya Kihaya hairuhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi kijana. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyo nayo mwanamume.

Sisi katika habari hiyo tunaangalia zaidi ile sababu. Mama alikosa wa kumtunza, akaligeuza shamba likamtunza. Aliweza kwa kuwa lilikuwa lake na halikuwa limewekwa rehani popote.

Na hapo ndipo penye mtihani ambao hatujaumaliza. Nyumba isiyodaiwa inavutia. Siku umezidiwa, gharama zimepanda, ndugu wanakaa kikao pembeni ya kitanda na mmoja anasema, "Si ana nyumba?" Tumeona. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwishaletewa karatasi ya kuweka dole gumba. Tumekubaliana sisi 7 kwamba anayeletewa karatasi hospitalini anasema neno moja, "Aitwe katibu." Mfuko wa jamii wa kikundi uko kwa ajili hiyo, ingawa ni mdogo. Gharama kama za kusafisha figo hauziwezi, na hatutawadanganya kwamba tuna jibu. Wenye uwezo wa kulipia bima ya afya tunawasihi walipie wakiwa wazima.

Hatusemi kila mtu asikope. Mwenyekiti wetu alikopa, akajenga mwaka mmoja, akalipa yote, na nyumba yake ina vigae. Ana afya na ana duka. Tunasema habari za watu ambao mwezi wao unaweza kukatika katikati.

Sasa wa nane. Hatutamtaja jina kwa kuwa watoto wake wameomba hivyo, lakini mnamjua, ndiye aliyekuwa akituanzishia wimbo kabla ya kufungua sanduku. Alifariki boma lake likiwa limefika kwenye lenta. Mabati yake 14 yalikuwa stoo, na risiti zote 14 zina jina lake. Baada ya matanga ndugu walikuja kuuliza mali. Katibu akafungua daftari, akasoma. Hakukuwa na anayemdai, kwa hiyo hakukuwa na wa kuuziwa kiwanja ili alipwe. Wosia alikuwa ameuandika na kuukabidhi RITA, kwa sababu tulikwenda wote siku moja, tukicheka njiani kwamba tunajizika wenyewe. Kiwanja na boma ni vya watoto wake watatu, mkubwa yuko kidato cha tatu.

Kwa hiyo hili ndilo ombi letu kwa mwaka wa 11. Kenchi ziko tayari, fundi amekubali nusu ya ujira. Jumamosi ijayo saa moja asubuhi tunakutana stoo, tunapakia yale mabati 14 kwenye guta, tunakwenda Buswelu kupaua. Kinachopungua ni misumari ya bati kilo 4 na watu wa kushika ngazi. Mwenye nyundo aje nayo. Aliyeuliza swali mwaka ule amekwishasema kwamba atapika yeye.